Karatasi ya mfuko wa saruji nayo ni hati

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1974, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile ripoti yenu ya juma lililopita kuhusu maandishi ya wafungwa wa kisiasa imenishinda kuinyamazia. Mtaalamu wenu alidai kwamba karatasi zilizotoroshwa gerezani ni uchungu wa mtu tu, na kwamba haziwezi kutumika kuandika historia mpaka hati rasmi zizithibitishe. Mwandishi wenu akafunga daftari bila kumuuliza: hati rasmi zipi?

Ni zile zilizosema kwamba wazuiliwa wa Mau Mau katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la kubebea maji? Hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni, na watu hao, 11 kwa jumla, walikuwa wamepigwa virungu mpaka roho zikawatoka. Au ni zile faili zilizosafirishwa kwenda Uingereza kabla ya Uhuru, zikafungiwa Hanslope Park, ghala la siri la serikali ya huko, zikaja kukiriwa mwaka 2011 wazee wetu wa Mau Mau walipokuwa tayari mahakamani London? Nyingine zilichomwa moto. Aliyeshika kirungu ndiye aliyeshika kalamu, na ndiye aliyeshika kiberiti.

Baba yangu alikuwa askari katika kambi ya wazuiliwa ya Manyani, hapa jirani na Voi. Alipofariki, tulikuta ndani ya kopo lake la chai kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa mara tano mpaka kikawa kama kifuniko cha soda. Kimeandikwa kwa penseli, Kiswahili cha kukwaruza, Septemba 1954. Mtu aliyezuiliwa anamwambia mkewe, kule Nyeri, asimuuze mbuzi mweupe. Kisha anasema kuna homa ya matumbo kambini, na wenzake wawili waliokuwa wakilala ubavuni kwake wametolewa wamefunikwa blanketi hadi usoni. Homa hiyo ilizuka kweli Manyani mwaka huo. Hesabu ya wagonjwa utaipata kwa daktari wa serikali. Ya nani alilala kando ya nani, na mbuzi gani asiuzwe, utaipata wapi?

Barua hiyo niliipeleka mwenyewe katika ofisi moja inayotunza kumbukumbu. Nilipanda basi la usiku, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Kijana aliyenipokea akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mzee, muhuri uko wapi?" Nikamwambia, mwanangu, mtu aliyefungiwa nyuma ya seng'enge anapata wapi muhuri? Akasema hiyo ni barua ya kifamilia, hawapokei, ila kwa sababu imechakaa atanisaidia. Akaingia chumba cha ndani. Nilidhani amekwenda kumwita mkubwa wake. Akarudi na barua ya watu ikiwa ndani ya plastiki, imepitishwa kwenye ile mashine ya moto inayotumika kwa vyeti vya shule, ingali na joto mkononi mwangu! Mikunjo yote mitano imelainishwa kama shati lililopigwa pasi. Na mikunjo ile ndiyo iliyokuwa ikisema barua ilipita wapi, kwa sababu karatasi ya ukubwa ule hutoshea ndani ya kiatu cha askari. Jina la baba yangu halimo katika barua ile. Mwandishi alimficha makusudi, na kutokuwemo kwake huko pia ni ushahidi. Sasa ushahidi huo umepigwa pasi.

Hatukosi mifano. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka wa "Kenya: Twendapi?", akatunga mashairi yake kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Leo yanasomwa darasani kama ushairi, vina na mizani, basi. Mimi mwenyewe niliyafundisha hivyo miaka mingi, na ninajuta. Najua mfungwa anaweza kukosea, kuongeza chumvi au kuficha. Apimwe, kama anavyopaswa kupimwa Mkuu wa Wilaya wa kikoloni aliyeandika hizo hati rasmi.

Tena magazeti yenu ya zamani yenyewe yako wapi? Maktaba niliyokuwa nikiwapeleka wanafunzi imegeuzwa ukumbi wa kudurusia mtihani, na majalada ya magazeti yamerundikwa chini ya ngazi, mvua ikinyesha yanaloa. Karanga za sokoni nimefungiwa katika ukurasa wenu wa mwaka 1982.

Ninachoomba si kikubwa. Kila ofisi ya kumbukumbu iweke meza moja karibu na dirisha, Jumatano moja kwa mwezi, iwe na bahasha za karatasi, penseli, na mtu anayejua kuuliza mambo matatu: karatasi hii ilitoka wapi, ilifichwa wapi, na nani aliibeba. Aandike majibu, apige picha, amrudishie mwenyewe barua yake kama alivyoileta, na mikunjo yake. Mashine ya plastiki ichomolewe kwenye umeme siku hiyo. Nanyi tangazeni tarehe ukurasa wa mbele, maana wajukuu wa askari wa Manyani wako wengi huku, na makopo ya chai bado hayajatupwa.

Mwalimu mstaafu,
Voi