Wembe wa Kukunja si Panga, na Pesa Sirudishi

Wiki jana bwana mmoja aliingia dukani, akaubwaga wembe mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Umeniuzia bati," akasema. Wembe ule nilimuuzia mwenyewe kwa sh. 85,000, na siku hiyo nilinyoa nao malaika ya mkono wangu mbele ya macho yake. Nikaufungua. Kwenye makali, karibu na ncha, palikuwa na doa la bluu, refu kama punje ya mchele. Sikuwa na haja ya kuuliza, ila nikauliza: "Mzee, ulikwenda kuunoa wapi?" Kwa yule kijana wa baiskeli, sokoni. Sh. 1,000.

Simsemi vibaya kijana wa baiskeli. Mapanga na visu vya bucha ananoa vizuri, hata cha nyumbani kwangu mke wangu humpelekea yeye. Lakini jiwe lake linazunguka kwa kasi na kutoa cheche, na ukingo wa wembe ni mwembamba mno kubeba moto ule. Chuma cha wembe hupashwa mpaka kiwe chekundu, kikazimwa kwenye mafuta, halafu kikapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 200 hivi ili kisivunjike kama kioo. Ukiona bluu, jua mahali pale pamekaribia nyuzi 300, na ugumu umeshaondoka. Utanoa asubuhi, jioni makali yamelala. Hakuna kinoo kinachorudisha ugumu. Dawa ni kusaga chuma kilichoungua mpaka kiishe, na wembe uliokuwa na upana wa milimita 16 unabaki na 14.

Lawama hii inanirudia kila mara kwa sura tofauti, ndiyo maana naandika. Hapa Arua, Uganda, watu wananijua kwa nyembe, na wengine wanavuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, kuzifuata, basi maneno ya "ametuibia" yanasafiri haraka kuliko boda.

Tuanze na bei. Wembe wa China ambao mimi nauuza sh. 85,000 unaweza kuukuta mtandaoni kwa nusu yake. Ni kweli, na mimi pia ndiko ninakoutoa. Unafika na basi la usiku kutoka Kampala ukiwa umetiwa makali ya kukata kamba, na hayo si ya shingo ya mtu. Naukalisha kwenye kinoo cha namba 1,000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) mpaka ukingo ukutane sawasawa kuanzia kisigino hadi ncha, na hapo pekee huishia saa nzima, siku nyingine saa mbili nzima. Kisha 4,000, kisha 8,000, kisha 12,000. Vinoo hivyo vimenigharimu zaidi ya sh. 600,000, na vinalika kama sabuni. Aliyenunua kwa nusu bei huja kwangu baada ya wiki akiwa na vipele shingoni, tunajumlisha, anagundua amefika palepale na ngozi imeshachubuka.

Mtu mwenye sh. 120,000 huingia akitaka kuzimaliza zote kwenye wembe mmoja wenye mpini wa kung'aa. Mimi huzigawa: 85,000 za wembe, 35,000 za mkanda wa ngozi wa kulainishia makali kabla ya kunyoa. Hapo ndipo uso hubadilika. "Mkanda wa nini? Mimi suruali inanitosha." Huyo atakuwa nami hapa mwezi haujaisha.

Zile zenye mawimbi-mawimbi ubapani, zinazouzwa kwa jina la Damascus, sitaki hata kuzitazama. Nimeletewa tatu. Mbili mgongo ulikuwa umepinda, ya tatu mawimbi yalifutika kwenye kinoo cha kwanza kama hina iliyooshwa mapema. Mgongo uliopinda ni ugonjwa mkubwa kwa sababu wembe huu hunolewa ukiwa umelala kabisa: mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, na mgongo ndio unaoshika pembe. Ukienda kununua, beba kipande cha kioo cha dirisha, ulaze wembe juu yake bila kuukandamiza. Ukichezacheza, uache hapohapo hata muuzaji akushukie bei mara tatu.

Kwa pesa hizohizo au zaidi kidogo, mimi ningekushauri mtumba. Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani walitengeneza nyembe ambazo zimewazika wenyewe na bado zinanyoa. Jina la Solingen linalindwa na sheria ya kwao tangu 1938, lisigongwe kwenye kitu ambacho hakikutengenezwa kule, lakini sheria hiyo haimfikii kila mwenye nyundo na muhuri, kwa hiyo soma chuma kabla ya kusoma maandishi. Kutu mgongoni haina neno. Kutu ya vishimo kwenye makali inaendelea ndani, ukisaga kishimo kimoja unakutana na cha pili. Uinue kwenye mwanga utafute ufa mwembamba kama unywele. Ukiwepo, huo ni wa kupamba ukuta. Wembe mpya wa Dovo, kampuni ya Solingen, ni mzuri, sibishi, ila ukishafika Arua bei yake ni ya mbuzi wawili.

Hajji mmoja aliniletea wa marehemu baba yake, askari wa KAR (jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni), wembe wa Sheffield uliolala sandukuni miaka na miaka. Nilipoufungua tu, harufu ya kafuri ikanipanda puani. Mpini ulikuwa wa seluloidi, plastiki ya zamani, ile inayofanana na gamba la kobe, na ikianza kuoza hutoa hewa kali inayokula chuma. Ubapa ulikuwa umeliwa upande mmoja, ule uliolalia mpini. Nikamwambia mpini lazima utoke. Akakataa, eti ndio alioushika baba. Tukabishana mpaka adhana ya Alasiri ikatutenganisha. Kesho yake akarudi, akakubali niuchonge mwingine wa pembe ya ng'ombe wa Ankole. Wa pembe wa kwanza niliupasua mwenyewe, nilipigilia riveti kwa pupa, hasara nikaimeza, sikumwambia mpaka leo kama anasoma hapa. Wa pili ulikaa. Nilimtoza sh. 70,000 kwa kazi ya siku tatu, na alilipa bila kugeuza shingo. Mpini wa zamani nilimpa kwenye bahasha, nikamsihi asiuweke karibu na chuma chochote.

Sasa matumizi, kwa ufupi, maana nimeshayasema kaunta mpaka sauti imekauka. Kabla ya kila kunyoa, upitishe wembe mara 20 kwenye kitambaa kizito, mara 50 kwenye ngozi, mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho, ugeuze kwa mgongo, usiugeuze kwa makali. Mikanda iliyokatwa katikati ninayo sita kwenye msumari, yote ya watu waliokuwa na haraka. Mkono mwepesi. Ukimaliza, kausha kabisa na upake tone la mafuta ya cherehani. Hapo unaweza kukaa miezi bila kuniona. Kunoa upya ni sh. 25,000.

Na vinyozi, tafadhali msinilazimishe. Wembe huu ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini ya aina B hubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na kuupitishia spiriti wakati mteja mwingine anakaa kitini si kuusafisha. Kwenu nina vile vishikio vya kuweka nusu ya wembe wa kawaida, mnatupa kila baada ya kichwa. Ni sh. 15,000, na napata faida ndogo kuliko kwenye hizi nyingine, kwa hiyo msiseme natafuta pesa.

Yule bwana wa doa la bluu nilimwambia kuondoa sehemu iliyoungua ni sh. 40,000, na kwamba hiyo ni bei ya chini kwa sababu aliununua kwangu. Akasema atafikiria. Wembe wake uko kwenye droo ya pili, nimeupaka mafuta. Ijumaa nafunga saa sita, asije mchana.