Kwa Mwanangu Anayeoa

Mwanangu mpendwa,

Kadi yenu ya harusi imenifikia hapa Kisauni, nimeisoma mpaka pale ulipomwita mchumba wako kwa Kiingereza "helpmate", yaani mwenzi msaidizi. Neno zuri. Lakini wengi hulitumia wakimaanisha mtu wa kupika, kufua na kutumwa, na sitaki uingie kwenye ndoa na maana hiyo.

Asili yake ni Mwanzo 2:18. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "help meet", maneno mawili, na "meet" zamani hizo ilikuwa na maana ya kufaa. Watu wakayaunganisha. Baadaye, kwa kuwa "mate" ni mwenzi, likazoeleka "helpmate", na Waingereza humwita hivyo mke au mume. Biblia yetu nayo inasema "msaidizi wa kufanana naye". Wa kufanana, mwanangu, si wa kutumikishwa. Tena neno la Kiebrania lililotumika hapo, ezeri, ndilo hilohilo la Zaburi 33:20, Mungu anapoitwa msaada wetu na ngao yetu. Nani basi atasema msaidizi ni mdogo?

Wewe hukumbuki, ulikuwa chekechea. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu Shanzu. Baba yako akitoka zamu ya usiku bandarini Kilindini, alipitia mahamri na mbaazi, akakuamsha, akakuogesha, akakufunga vifungo vya sare macho yamemwiva kwa usingizi. Wenzake walimwambia amekaliwa na mke. Hakuwajibu hata siku moja, na mimi hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Alipoumia mguu akakaa nyumbani, mshahara wangu ndio uliolipa kodi na karo yako. Hatukuulizana nani anamsaidia nani.

Sasa mkwe wangu ameniambia anatamani kurudi chuoni mwakani amalizie uuguzi. Amekwambia? Kama bado, muulize wewe, usingoje aombe. Kaeni mpige hesabu ya karo, na mkijaliwa mtoto, mjue nani atabaki naye siku za zamu. Haya yazungumzeni kabla ya harusi, si baada ya fungate.

Na pilau ujue kupika. Njoo Jumamosi mapema, nyama nitakuwa nimeshanunua.

Mama yako akupendaye