Fundi wa miwani naye asajiliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafundi wa miwani, yaani wale wanaopokea cheti cha vipimo na kukata lenzi ili zikae kwenye fremu.

Mwaka jana binti yangu, ambaye macho yote mawili yana namba hasi sita (dayopta sita, kipimo cha nguvu ya lenzi, kwa asiyeona mbali), alipimwa vizuri kabisa, kisha tukachukua miwani katika duka moja la mjini. Haikupita wiki akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga na maandishi ya ubaoni yanamgawanyikia mawili. Namba za lenzi zilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni umbali kati ya mboni za macho, ambao ndio huonyesha katikati ya kila lenzi pakae wapi: kijana wa kaunta alimtazama tu usoni, hata rula hakushika, akaandika milimita 64, ilhali umbali wake halisi ni 54. Mimi nimefundisha fizikia miaka mingi, na hesabu yake si ngumu: milimita kumi zilizozidi zikigawanywa kwa macho mawili ni nusu sentimita kila jicho, na lenzi ya dayopta sita ikihama nusu sentimita kutoka mbele ya mboni, huupinda mwanga kama prizimu ya dayopta tatu, na hapo ni jicho moja tu. Mtoto alikuwa akishinda darasani macho yakijivuta kwenda nje.

Tunalo Baraza la Optometria, yaani la taaluma ya kupima macho na kutoa miwani, chini ya Wizara ya Afya, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, wataalamu wa optometria wamefundishwa kwa miaka mingi. Tatizo ninaloliona ni kwamba wateja wengi, nami nikiwemo wakati ule, huona leseni ya biashara ya halmashauri imebandikwa ukutani wakadhani ndiyo ithibati ya taaluma, kumbe leseni hiyo humruhusu mtu kuuza tu.

Ninaomba Baraza, linapokagua maduka, lisiishie kwenye chumba cha kupimia, bali liingie hadi kwenye meza ya kukatia lenzi na kuuliza aliyekaa pale amesomea wapi. Sipendekezi vijana hao wafukuzwe, kwa kuwa wengi wana mikono mizuri. Waandaliwe mafunzo mafupi yenye mtihani, wasajiliwe kwa kiwango chao, na jina la aliyekata lenzi liandikwe kwenye risiti. Mimi nilipouliza ni nani aliyezikata zile za binti yangu, nilijibiwa kwamba kijana huyo amesafiri.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro