Barua kwa mwanangu: Chumba chako sasa ni njia ya Kigoma

Ng'ambo, Tabora
Januari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, mvua inanyesha vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara kadhaa. Theluji, giza kuingia saa kumi jioni, zamu ya hospitali, kisha kitanda. Mwishoni ukasema kama jambo la kupita tu kwamba yule mzee jirani, mstaafu wa reli wa huko Hamburg, amekualika tena ushuke kwenye chumba cha chini ya nyumba, ambako yeye na wenzake hukutana kila wiki wakati wa baridi kuendesha treni zao ndogo. Ukakataa kwa adabu. Ukasema ni wazee wanacheza, utafanya nini hapo.

Hilo limenikalia moyoni. Simu haifai kwa mazungumzo haya, inakatika, na wewe unakuwa umechoka. Ndiyo maana nimeandika.

Nianze na habari ya chumba chako, maana dada yako amekwisha kukudokeza. Ni kweli, kitanda kimehamia kwa shangazi yako, na kabati liko sebuleni. Kuta tatu za chumba zimezungukwa na meza ya mbao, na juu ya meza kuna reli kutoka Tabora mpaka Kigoma. Utakapokuja utalala kwangu, kitanda kinatosha.

Chanzo ni wewe mwenyewe. Ile bogi kuukuu yenye mota, yaani fremu ya magurudumu ya treni ndogo, ambayo jirani yako alikupa uilete nyumbani ulipokuja likizo, ilikaa juu ya kabati hadi Mzee Fundi, yule aliyefanya kazi karakana na marehemu baba yako, alipopita kusalimia. Aliishika, akaigeuza, akaomba rula. Kutoka gurudumu hadi gurudumu njia yake ni milimita 45. Akanyamaza, akaomba na karatasi. Reli yetu ya kati ina upana wa mita moja. Gawanya mita moja kwa 22.5, ndicho kipimo cha kupunguzia treni hizi, utapata milimita 44 na kitu. Baadaye uliponiulizia kwa jirani yako ndipo tukaelewa: kampuni ya LGB ya hukohuko Ujerumani ilipoanza kuuza treni hizi mwaka 1968, ilifuata njia nyembamba za mita moja za kwao. Basi begi lako lilikuwa limebeba reli yetu yenyewe, ila imepunguzwa. Mzee Fundi alirudi kesho yake na Mzee Gadi. Wakafuata wengine.

Unawajua wote, umewaamkia tangu utoto. Lakini sidhani kama umewahi kufikiria mvua ilikuwa na maana gani kwao. Wakati wa kazi, miezi hii ndiyo ilikuwa ya hofu. Maji ya Mkondoa yanakula tuta kule kati ya Kilosa na Gulwe, njia inafungwa, abiria wanalala stesheni na watoto, mimi nipo dirishani kwenye tiketi sina la kuwaambia. Nyapara wa gengi, kundi la watengeneza njia, anaamshwa usiku akakague njia akiwa na taa ya mkono. Dereva anaingia kwenye daraja asijue mbele kuna nini. Leo mvua ileile inapiga bati, na wao wamekaa mahali pakavu, reli iko mbele yao na hakuna anayeweza kufa. Ukiwaona nyuso zao radi inapopiga utaelewa kwa nini hawakosi. Nadhani hata wazee wa huko wanajificha baridi kwa namna hiyohiyo, nao walifanya kazi kwenye barafu.

Mabishano ya kwanza yalikuwa kuhusu stesheni. Kutoka hapa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Hata kwa kipimo chetu ingekuwa kilomita 18 za meza, nasi tuna chumba kimoja. Lazima kuacha. Kaliua hakuna aliyeigusa, ndipo njia ya Mpanda inapochepukia. Malagarasi ibaki kwa ajili ya daraja, Uvinza kwa ajili ya chumvi. Nguruka ikaondolewa, Usoke ikaondolewa, na ilipofika zamu ya Urambo Mzee Gadi alisimama akachukua kofia yake. Mke wake alimpatia Urambo, treni ikiwa imesimama kusubiri nyingine ipite. Urambo ipo, mwanangu, ina jengo lake na mwembe wake.

Kigoma nako kulikuwa na shughuli. Huwezi kuweka Kigoma bila Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani unakokaa, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikavuka bahari, ikaja kwa reli hadi ziwani, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Vipande hivyo vilipita hapa Tabora, kwenye stesheni niliyofanyia kazi. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Urefu wake ni kama mita 71, kwa hiyo yetu ingekuwa zaidi ya mita tatu na kuziba mlango. Wameamua kutengeneza omo peke yake, ile sehemu ya mbele ya meli, inatokeza ukutani karibu na dirisha kana kwamba ndiyo inatia nanga. Mzee Fundi anaikunja kutoka kwenye debe la mafuta ya kula. Ni kazi nzuri sana, nitakutumia picha.

Sasa nikueleze habari ya mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia, maana hapo ndipo nilipojua kwamba huu si mchezo.

Unajua njia yetu ililazwa kwenye mataruma ya chuma kwa sababu ya mchwa. Mbao ungeilaza leo, baada ya muda unakuta unga. Mzee Nyapara, aliyetembea juu ya mataruma hayo maisha yake yote, alikuja na mfuko wa makopo aliyoyakata na kuyakunja moja moja, kila taruma lina kingo zake zilizoinama pembeni kama yale ya kweli. Alikuwa amekaa nayo nyumbani usiku mwingi, macho yake unayajua. Wakayapanga, wakalehemu reli juu yake, wakaunganisha betri ya pikipiki. Cheche! Nyaya zikapata moto. Maana treni hizi zinakula umeme kupitia reli, upande mmoja chanya na mwingine hasi, na taruma la bati linaziunganisha pande mbili hizo palepale. Kisayansi lilikuwa jambo la dakika moja kulieleza. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Mzee Nyapara ayatoe mataruma yake.

Walikaa kimya, wakanywa chai. Mwishowe Mzee Fundi akasema tutatumia vijiti vya mninga chini ya reli zinazopitisha umeme, tuvipake rangi ya kutu, na mataruma ya bati yatalazwa kwenye njia ya pembeni ya Tabora, ile ya mabehewa mabovu, ambayo haina haja ya umeme. Mzee Nyapara akafikiri, akauliza kama watu wataiona hiyo njia ya pembeni. Tukamwambia ndiyo ya mbele kabisa, karibu na mlango. Kila anayeingia huiona kwanza. Na kwa kuwa meza nzima sasa ni mbao, miguu yake tumeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu, na ni yeye anayekagua kila asubuhi kama mchwa wameanza kupanda.

Mimi wananiita Mama Tiketi, mwanamke peke yangu pale. Kazi yangu ni abiria. Mtu mzima kwa kipimo chetu ana urefu wa senti saba, kwa hiyo namshonea nguo kwa sindano nyembamba kabisa. Yupo mama mwenye chupa za asali kichwani pale Urambo, wapo vijana wa maembe, yupo bibi aliyekalia mzigo wake wa mihogo mikavu asiutoe macho. Kipande cha sketi yako ya shule kimetosha watoto wanne wanaorudi bwenini. Mzee Gadi alinilalamikia kwamba abiria wangu wamezidi uwezo wa behewa. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nauza tiketi, najua walivyokuwa wanapanda.

Lakini ninayetaka umjue zaidi ni Mzee Kontrola, aliyekuwa akiongoza treni kwa simu kutoka ofisini. Miguu imekataa, hatoki kwake Cheyo. Wenzake walipoanza kukutana hapa, tulidhani tutamkosa. Ndipo Mzee Gadi akasema treni haiendi bila kontrola, na kontrola hajawahi kuiona treni anayoiongoza, tangu lini alihitaji kuwepo? Basi sasa Jumamosi anakaa kitandani na chati yake ya mwendo wa treni, penseli mbili za rangi na rula, simu sikioni. Kichwa chetu, yaani injini, aina ya 88 ya rangi ya zamani iliyojengwa juu ya bogi ya jirani yako, hakiondoki stesheni moja mpaka kipewe njia. "Kaliua hapa, naomba njia hadi Malagarasi." Anatazama chati, anauliza nani yuko mbele, anatoa kibali na saa yake. Saa zetu zinakimbia, dakika kumi za chumbani ni saa nzima ya safari, kwa hiyo Kigoma hufikiwa kabla ya magharibi na watu wakaenda kuswali au kula.

Wiki iliyopita radi ilipiga, mtandao ukaondoka. Treni ya abiria ikasimama Kaliua, ya mizigo Uvinza. Kijana mmoja wa Chuo cha Reli, ambaye siku hizi huja kuwasikiliza, akasema si waendelee tu, hakuna kitakachogongana. Hakuna aliyemjibu. Sehemu moja ya njia, treni moja, wamelishika hilo tangu ujana wao na wako wazee waliozika wenzao kwa ajili ya kulikiuka. Yule kijana ndiye aliyevaa koti la mvua, akapanda bodaboda hadi Cheyo na swali lililoandikwa kwenye karatasi. Alirudi ameloa chapachapa, ana kibali cha mkono kimetiwa saini na saa. Mzee Gadi akakisoma kwa sauti, akakikunja, akakiweka mfukoni, akapuliza filimbi. Usiku ule nilimpigia simu mke wa Mzee Kontrola. Akaniambia kijana alipobisha hodi, mzee alikuwa amekaa wima, chati magotini, anamsubiri.

Wala siwezi kukuhesabia mengine yanayopita katika chumba hicho. Asiyekuja hufuatwa nyumbani jioni hiyohiyo. Karatasi za mafao za mmoja wao zilipozungushwa ofisi hadi ofisi walikwenda naye wote, wakakaa kwenye benchi mpaka akahudumiwa. Uyoga wa porini unaletwa, karanga, asali, sukari ya chai. Wanazungumza pia kuhusu reli mpya, ya milimita 1435, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria Dar hadi Dodoma na inajengwa kuja huku. Wanaifurahia kwa dhati. Mzee Nyapara ameomba apelekwe kuliona tuta lake.

Basi mwanangu, shuka kwenye kile chumba. Uko mbali, siku ni fupi, unarudi kutoka kazini unajifungia na simu. Chini ya miguu yako kuna watu wenye chai ya moto na mambo ya miaka mingi ya kueleza, na wamekuita zaidi ya mara moja. Huhitaji kujua treni. Mzee wa namna hiyo anapokuonyesha behewa alilolipaka rangi mwenyewe anakupa nafasi ya kukaa karibu naye. Chukua kitu mkononi, hata ile kahawa ya Kigoma niliyokufungia, usiende mikono mitupu.

Na ukifika, nina maswali yao haya. Hapa Tabora pana pembetatu ya kugeuzia vichwa, na tukiunganisha upande wa tatu chanya inakutana na hasi, fyuzi inakatika. Mzee Fundi anaamini dawa ni kukata reli zote mbili, kutenga kile kipande na kukiwekea swichi ya kugeuza umeme. Muulize jirani kama ndivyo, na pengo liwe pana kiasi gani. Muulize pia mbao zao wanazifanyaje zisivimbe na kusinyaa, maana zetu mvua imezivimbisha hadi reli ya Uvinza imepinda kidogo. Kama ana gurudumu moja la ziada la bogi ile, letu limelika upande. Mwambie tutamlipa kwa asali ya Tabora. Mzee Kontrola anataka kujua huko kwao kontrola anatumia penseli za rangi gani. Andika majibu kwenye karatasi, usitume kwa sauti, wanapenda kusoma wenyewe.

Vaa soksi nzito. Shangazi yako anakusalimu, wazee wote wanakusalimu.

Ni mimi mama yako.