Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tindikali Inapomwagika Barabarani

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina, na waliochelewa ada wanajuana na katibu. Mimi nitatumia nafasi hii kwa jambo moja lililoyasumbua mazoezi yetu ya mwaka mzima: maji. Wapi yamwagwe, na wapi yasiguse kabisa.

Nachukua mfano wa asidi ya salfuriki ya asilimia 98, ile ambayo bango lake la rangi ya chungwa kwenye lori lina 80 juu (namba ya aina ya hatari) na 1830 chini (namba ya kemikali yenyewe). Lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.84, kwa hiyo maji yakimwagwa juu ya dimbwi lake huelea, yanachemka papo hapo na kurusha tindikali usoni mwa aliyeshika mpira wa maji. Ndiyo maana tumesisitiza kwamba mtu huoshwa, dimbwi haliguswi. Aliyerukiwa avuliwe nguo na viatu huku akimwagiwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 20. Macho nayo yaoshwe muda huohuo, kope zikiwa zimefunuliwa. Ukihesabu lita moja na nusu kwa dakika, jicho peke yake linamaliza lita 30, kwa hiyo dumu moja la lita 20 kwenye gari halitoshi hata kwa macho. Magadi yasipakwe kwenye ngozi. Yanaongeza joto juu ya kidonda.

Kabla ya hayo yote, soma bango ukiwa mbali. 1824 ni myeyusho wa kostiki soda, ambao hauumi mara moja kwenye ngozi, unateleza tu, na mtu anachelewa kujiosha. Ukigusa alumini unatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo ndoo na sufuria za alumini ziachwe. 1789 ni asidi ya haidrokloriki, na mvuke wake hutambaa chini ukifuata bonde. Kwa 1830, zuieni watu mita 50 kila upande kwa kuanzia, simameni upepo unakotoka na upande wa juu wa mteremko, kisha pigeni 114 ya zimamoto. Watu ndio kazi ngumu kuliko tindikali. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kwa kukimbilia lori la mafuta lililopinduka, na umati haujui tofauti ya tangi la petroli na la asidi mpaka umeshachelewa. Mtu mmoja apewe kazi ya umati tu, asiitwe kusaidia lolote jingine.

Sasa hesabu ambayo wengi bado wanaikwepa. Kuua, yaani kuondoa makali ya, lita 1 ya tindikali hii kunahitaji karibu kilo 1.95 za magadi (sodiamu kaboneti) au kilo 1.4 za chokaa iliyozimwa. Pipa la lita 200 linakula mifuko 16 ya kilo 25. Tangi la lita 15,000 linadai tani 29, yaani lori zima jingine. Kwa hiyo mifuko iliyo kwenye gari ni ya matone na mabaki. Likimwagika tangi, kazi ya kwanza ni kujenga tuta, kuziba mdomo wa kalavati na kusubiri pampu ya kuihamishia kwenye tangi jingine.

Tuta lijengwe kwa mchanga mkavu wa mto. Mchanga wa pwani una makombe, unatoa povu na tuta linabomoka. Maranda ya mbao ni marufuku, yanaungua. Chokaa ambayo haijazimwa nayo iachwe, na mawe ya chokaa yanavikwa jasi juu yakaacha kufanya kazi. Unga wa magadi au wa chokaa iliyozimwa unyunyizwe kidogo kidogo kutoka ukingoni kuelekea katikati, maana kila lita inayouliwa kwa magadi hutoa zaidi ya lita 400 za kaboni dayoksaidi. Asiingie mtu shimoni wala mtaroni wakati huo. Karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali wa asidi, ikisoma kati ya 6 na 8, zoleeni kwenye mapipa ya plastiki na mkabidhi kwa maelekezo ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Jambo la mwisho ni tangi lililobaki tupu. Chuma hustahimili asidi kali kwa sababu utando wa salfati hukinga ukuta wake. Mvua ikiingia kwa mfuniko ulioachwa wazi, asidi iliyosalia inapungua makali ya mkusanyiko, inaanza kula chuma na kujaza haidrojeni ndani. Fundi akija na grenda au mashine ya kuchomelea, linalipuka. Mafundi wa gereji wanaambiwa "lipo tupu" na wanaamini.

Naomba mkutano uidhinishe vifaa vya kila gari: madumu manne ya maji safi yaliyofungwa, mifuko minne ya magadi, glavu ndefu za mpira wa butili, ngao ya uso, aproni ya PVC na gambuti za mpira. Viatu vya ngozi visihesabiwe kuwa kinga.

Mwenyekiti