Shaba inafika baharini, mimi ninaishia Kasumbalesa

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, baba wa watoto watatu, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Kwa miaka 11 nimekuwa karani katika ofisi inayoshughulikia hati za duane (forodha) za malori yanayobeba shaba kwenda bandarini, na kila siku huandika majina yale yale: Kasumbalesa, Nakonde, Tunduma, Dar es Salaam. Mara mbili kwa mwezi hutumwa Kasumbalesa, mwendo wa kilomita zipatazo 90, kurekebisha hati zenye kasoro. Hula bukari (ugali) karibu na kizuizi, nikitazama malori yakivuka kuingia Zambia, kisha hurudi nyumbani kabla ya giza. Bahari sijawahi kuiona.

Sina ugomvi na kazi yangu. Lakini tangu mwaka jana ninaamka nikijua siku nzima itakavyokwenda, hata maneno atakayoyasema mkuu wangu, na jambo hilo linanilemea kifuani. Madereva wamenisimulia reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, yenye kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar es Salaam: jinsi inavyopenya mahandaki ya milimani kusini mwa Tanzania, kisha ikashuka na kupita mbugani, ambako abiria, wakiwa wameketi kitini, huweza kuona twiga na tembo. Ninataka kupanda treni hiyo (ikiwa wiki hiyo inatembea, maana nasikia nayo ina tabia zake), nikae ufuoni siku tatu, nirudi.

Nilipomweleza mama watoto alicheka, halafu akauliza: «Unaenda kumsalimia nani?» Hakuuliza kwa dharau. Katika ukoo wetu mtu husafiri kwa ajili ya matanga, ndoa, ugonjwa au biashara. Kusafiri ili kutazama tu ni mambo ya Wazungu. Tena zamu yangu ya likelemba, mchango tunaopokea kwa zamu, inafika mwishoni mwa mwezi huu, na yeye amekwisha kuzihesabu fedha hizo kuwa mabati ya nyumba tunayoijenga, kabla mvua hazijaanza. Ana haki, ndiyo maana ninashindwa kubishana naye.

Baba mdogo amenionyesha njia: niseme ninakwenda Kariakoo kununua vitenge, nirudi na mzigo kidogo, na hakuna atakayeniuliza neno. Ni ushauri wa mtu mwenye akili. Hata hivyo, nikijiwazia nikihesabu marobota, nikibishana bei, na mwishowe nikijaza hati zangu mwenyewe pale Kasumbalesa, ninaona kwamba nitakuwa nimeibeba ofisi mgongoni hadi baharini. Na nitakuwa nimemdanganya mke ambaye kwa miaka 14, kwa kadiri ninavyojua, hajanidanganya.

Je, nimwombe robo tu ya fedha hizo, mabati mengine yasubiri mishahara miwili? Nivumilie hadi mwakani, nikijua kwamba mwakani kutakuwa na minerval (karo ya shule) na dari? Au nimechoka na kazi yenyewe, na treni haitaniponya? Ningependa hasa kuwasikia akina mama: mume wako angekueleza hamu kama hii kwa maneno gani, ndipo umsikilize hadi mwisho?

Karani wa Katuba,
Lubumbashi