Abiria wa SGR, piteni Makavazi ya Reli

Mhariri,

Abiria wengi wa SGR wanaoelekea Mombasa hufika Stesheni Kuu ya Nairobi mapema mno kwa kuhofia msongamano wa magari, kisha hukaa kungoja treni ya kuwapeleka Syokimau, inakoanzia safari ya SGR. Utawakuta wameketi juu ya masanduku yao, macho kwenye simu. Ilhali ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, na kwangu mimi hakuna mahali pa kungojea safari panapopashinda hapo humu nchini.

Chukua lile behewa alimouawa Charles Ryall. Afisa huyo wa polisi wa reli alijibanza ndani yake pale Kima, Juni 1900, akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga, na alipotaka kutoka akapitia dirishani na Ryall mdomoni, wenzake wawili wakiwa mle mle. Simama mbele ya dirisha lenyewe ulipime kwa macho, uone kama hutajiuliza walipenyaje. (Watu huchanganya kisa hiki na cha simba wa Tsavo wa 1898. Hao ni wengine, nao wamehifadhiwa Chicago.)

Nje kuna injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai. Panda ngazi ya chuma uingie alimokaa dereva, penye vipini, mabomba na saa za kupimia mvuke. Ukiwa na mtoto, kumshusha ni vita. Injini za aina hiyo zilikuwa 34, kila moja zaidi ya tani 250, na hakuna injini ya mvuke iliyozizidi ukubwa kwenye reli ya upana wa mita moja duniani. Ndizo zilizovuta shehena kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ndiyo maana hii ina jina la mlima ulio Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Reli wakati huo ilikuwa moja, ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Ombi langu kwa wanaosimamia reli ni kwamba tangazo la treni ya Syokimau liwakumbushe abiria kuhusu makavazi haya, tena kwa Kiswahili. Na kwa kuwa hakuna atakayetembea huko akiburuta masanduku, patengwe chumba cha kuwekea mizigo hapo stesheni, hata kwa ada ndogo. Tiketi ya SGR nayo ingeweza kumpunguzia mtu kiingilio. Wakianza na wanafunzi wakati wa kufunga shule, wengine watafuata.

Msafiri wa Mombasa,
Nairobi